Ini la Mdogo Wangu Halifuati Sheria

Kwako Daktari Mkuu,
Hospitali Kuu ya hapa mjini kwetu.

KUH: KUDAI USAWA WA DOZI, NA KUSHTAKI INI LA MDOGO WANGU

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia bado umening'inia kwenye kitambaa chenu. Ukiona herufi zimelala usinihesabu mtu asiyesoma. Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wangu huniita Mwalimu Breki, kwa sababu gari la shule yetu lina breki ya pili upande wangu na mguu wangu haukai mbali nayo. Maisha yangu yote nimeamini kwamba sheria ni moja kwa watu wote. Taa nyekundu haimuulizi mtu yeye ni mtoto wa nani. Nilidhani na hospitali ni hivyo hivyo. Lakini yaliyotupata mimi na mdogo wangu yamenionyesha kwamba ndani ya miili ya wananchi kuna vurugu kubwa, ofisi yako inaijua, na imekaa kimya.

Niruhusu nieleze ilivyokuwa.

Mdogo wangu, tumbo moja na baba mmoja, ni fundi wa mafriji. Mtaani anaitwa Taratibu, na kwa jina hilo hakuonewa. Ni mtu ambaye akiitwa kula, wenzake wamemaliza na wananawa, yeye bado anatafuta kandambili. Siku ya ajali aliniomba lifti akanunue mpira wa mlango wa friji la mteja, nikamweka kiti cha nyuma. Kwenye usukani alikuwa mwanafunzi wangu, mama mwenye saluni, mtu wa kujiamini kila mahali isipokuwa hapo. Tulikuwa tunajifunza kuegesha mbele ya duka la fanicha. Nikamwambia, "Breki, mama." Akakanyaga mafuta. Nami nikakanyaga breki yangu kwa nguvu zote, lakini gari lilikwisha pita kwenye kioo na kwenda kujiegesha lenyewe kati ya makochi mawili na meza ya chakula, vizuri kuliko siku zote alizofanya mazoezi. Mama wa saluni hakupata hata mkwaruzo. Mimi nilivunjika mtulinga, mfupa huu wa begani, mdogo wangu akavunjika mkono.

Kwenu tulipokelewa vizuri, sitasema uongo. Tulipigwa picha, tukafungwa kwa muda, tukapelekwa kwenye dirisha la dawa lenye bango kubwa la rangi ya bluu: WAGONJWA WOTE NI SAWA. Nililisoma bango lile nikafarijika. Tukapewa kila mmoja kibahasha cha kaki chenye vidonge vya kodeini, na juu yake kwa kalamu nyekundu: 2 x 3. Vidonge vilevile, kopo lilelile, mwandiko uleule. Tukameza vya kwanza palepale kwa maji ya bomba. Kuanzia hapo, Mheshimiwa, ndipo malalamiko yangu yanapoanza, nami nayapanga kwa namba ili yasigombane.

1. Vidonge vyangu havikufanya kazi, na nilipolalamika niliitwa mdekaji.

Tulikaa kwenye benchi tukisubiri kufungwa vizuri. Haukupita muda mdogo wangu akaanza kutabasamu peke yake, akaegemea ukuta, akalala mdomo wazi. Mimi mtulinga ulikuwa unawaka kama pasi. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Nikarudi dirishani nikamwambia muuguzi wenu, kwa adabu, kwamba dawa niliyopewa labda ni mbovu. Alinitazama, halafu akamnyooshea kidole mdogo wangu pale kwenye benchi. "Baba, si dawa hiyohiyo? Mwenzako kalala kama kitoto. Wewe umezidi kudeka." Nikasema sideki, naumia. Mwenzake aliyekuwa nyuma akihesabu mabomba ya sindano akasema, wala hakupunguza sauti, "Hawa wazee ndio wanaozizoea hizi. Mtamwona kesho karudi."

Mheshimiwa, mimi sijawahi kuzoea kitu chochote isipokuwa kuamka mapema. Watu walionizunguka walinitazama kama wanavyotazamwa walevi wa mchana. Nilirudi kwenye benchi nikakaa karibu na ushahidi dhidi yangu, ambao ulikuwa unakoroma.

2. Mdogo wangu alipata nafuu yake na ya kwangu, na bado ikamzidi.

Shemeji yangu, mke wa Taratibu, alisema tuugulie wote kwake ili asipate tabu ya kukimbia nyumba mbili. Akatutandikia magodoro mawili sebuleni, katikati ya kabati la vyombo na friji tatu za wateja ambazo zote zilikuwa haziwaki. Mimi niligalagala na mtulinga wangu. Mdogo wangu alikuwa amelala. Akiamshwa anasema neno moja, anacheka, anarudi alikotoka. Nilikaa nikimwangalia kwa wivu ambao sikuwahi kuwa nao tangu aliponunuliwa baiskeli.

Jua lilipoanza kupoa saa ya dozi ya pili ikawadia. Nikamwita shemeji alete maji. Shemeji akasema, "Shemeji, mwache kwanza huyu. Tangu amelala hata kugeuka hajageuka." Nikamwambia kibahasha kimesema viwili mara tatu, hakikusema viwili mara tatu ukijisikia. Dozi ni dozi. Kama kila dereva angekuwa anasimama anapojisikia, mji huu tungeshauzika. Tukamkalisha, mimi kwa mkono mmoja, yeye kwa miwili. Akameza kwa utiifu, macho yamefumba. Nami nikameza vyangu, ambavyo vilishuka na kupotea kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake.

Mama wa saluni alikuja kutuangalia, na mfuko wa machungwa, na aibu yake. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuomba msamaha, akanyamaza katikati ya sentensi. "Mwalimu," akasema, "huyu anakoroma hivi siku zote?" Nikasikiliza. Mkoromo ulikuja. Kisha ukakatika. Ukakawia mpaka nikaanza kusikia saa ya ukutani. Kisha ukaja mwingine, mdogo, kama wa mtu aliye chumba cha pili. Shemeji akawasha taa. Midomo ya mdogo wangu ilikuwa ya kijivu, rangi ya majivu ya jana. Nikamwita jina lake la utotoni, lile analolichukia. Hakuchukia.

3. Ini lake lilinilazimisha kuvunja sheria za barabarani.

Gari la shule lilikuwa bado liko dukani kwenye makochi. Jirani ana pikapu, lakini mwenyewe alikuwa kazini na funguo zilikuwa kwa mkewe. Mimi mkono mmoja. Shemeji hajui hata kufungua mlango wa gari usiogoma. Aliyebaki ni mama wa saluni.

Tulimlaza mdogo wangu nyuma, shemeji akakaa naye akimpiga makofi mashavuni na kumwita mume wangu, mume wangu, na mara nyingine mjinga wewe. Mimi nikakaa mbele kushoto kwa mwanafunzi wangu. Nikapeleka mguu mahali pake. Pikapu ya jirani, Mheshimiwa, haina breki upande wa abiria. Nilikanyaga bati tupu njia nzima.

Kwenye makutano ya barabara kuu kuna alama ya kusimama. Nimewafelisha watu wengi kwenye alama ile, wengine wakiwa na machozi. Mama wa saluni akaanza kupunguza mwendo kama nilivyomfundisha, akaniangalia. Nyuma shemeji akasema, "Mbona havuti? Mbona havuti pumzi?" Nikamwambia mwanafunzi wangu, "Pita." Akasema, "Mwalimu, alama." Nikasema, "Nimeiona alama, pita!" Akapita. Lori likapiga honi mpaka likachoka. Aliendesha vile mpaka getini kwenu bila kumgusa mtu, akaegesha kwa mara moja tu, sambamba kabisa na mstari. Mtihani hajafaulu bado, na sijui nimweleze nini mkaguzi.

Naomba iandikwe kwamba aliyevunja sheria pale si mimi wala si yeye. Ni ini la mdogo wangu.

4. Daktari wenu wa zamu anaeneza habari kwamba watu hawafanani.

Alikuwa binti mdogo, koti limemzidi mikono, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Sina lalamiko juu ya mikono yake. Alimtazama mdogo wangu machoni kwa tochi, akauliza amemeza nini, akaita sindano kabla sijamaliza kujibu. Akamdunga. Tukasimama. Kisha mdogo wangu akavuta pumzi moja ndefu kama mtu aliyezamia bwawani akaibuka, akafungua macho, akanitazama, akasema, "Kaka, mbona unalia?"

Napenda ifahamike rasmi kwamba sikuwa nalia kwa ajili yake. Ni mtulinga. Dawa yenu, kama nilivyoeleza kwenye namba moja, haikufanya kazi.

Alipotulia daktari yule alituita pembeni, mimi na shemeji. Akasema, "Mzee, kile kidonge chenyewe hakitulizi kitu. Kinaingia kwenye ini, ini linakigeuza kuwa mofini. Hiyo mofini ndiyo inayotuliza. Sasa kuna maini yanageuza polepole, kuna yanayogeuza kwa kiasi, na kuna kama la huyu, linageuza haraka mno. Mofini yote inamwagika kwa mkupuo, mpaka mtu anasahau kupumua."

Nikamwambia daktari, umekosea mtu. Huyu ni Taratibu. Hana kiungo chenye haraka.

Shemeji akaniambia ninyamaze. Nikauliza, na mimi? Daktari akaniuliza vile vidonge vinanifanyaje. Nikasema havinifanyi lolote, na wenzako kule dirishani wameniita mdekaji na mlevi wa dawa. Akakunja uso. Akasema inawezekana ini langu halina kabisa kile kimeng'enya cha kugeuzia. "Wewe mzee ni kama umemeza chaki. Hudeki. Uliumia kweli na hakuna aliyekuamini." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, na kwa sababu fulani nilitafuta mahali pa kukaa.

Lakini kanuni ni kanuni, nikaendelea kumhoji. Nani kapanga haya? Akasema ni vinasaba, tumezaliwa navyo, nusu kwa mama nusu kwa baba, na kila mtoto hugawiwa vyake. Nikauliza nani aligawa. Akacheka, akidhani natania. Nikauliza basi hiyo viwili mara tatu nani aliipanga. Akasema dozi ilipimwa kwa watu, ikatafutwa ya katikati. Watu gani? "Watu wa mbali, mzee. Wengi wao si wa koo kama zetu." Nikauliza kama miongoni mwao alikuwepo mtu hata mmoja wa ukoo wetu, walau wa kutuwakilisha. Hakuwepo. Nikauliza kama kuna kipimo cha kumjua mwenye ini la haraka na mwenye ini la chaki. Akasema kipo, damu kidogo tu inatosha, lakini mashine hapa hakuna, sampuli hupelekwa mbali, na hospitali haipeleki mpaka litokee jambo.

"Jambo gani?" nikauliza.

Aligeuka akamtazama mdogo wangu pale kitandani.

Sasa Mheshimiwa, angalia hatari ya mafundisho haya. Leo tutaambiwa kila mtu apewe dozi yake. Kesho kila mtu atataka kuulizwa habari zake kabla ya kupewa dawa. Keshokutwa pale dirishani watu watakuwa wanasikilizwa! Foleni itafika barabarani. Kibahasha cha kaki hakina nafasi ya kuandika ini la mtu. Kalamu nyekundu itaisha. Ni nafuu zaidi kuendelea kama tulivyo, ambapo wengi hupona, wachache huitwa wadekaji, na mmoja mmoja husahau kupumua akiwa kwake, kimya kimya, bila kuisumbua ofisi yako.

5. Mama yangu mzazi aligawa urithi bila kikao.

Kwa kuwa daktari alisema nusu kwa mama, nilikwenda kwa mama. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamweleza yote, kisha nikamuuliza, kwa heshima, kwa nini mtoto wa pili apewe ini la mbio na mtoto wa kwanza apewe ini la chaki, wakati kwa umri ilipaswa nianze mimi kuchagua.

Akaendelea kuchambua. "Vidonge gani hivyo?" Nikamwonyesha kibahasha. Akakirudisha haraka kama kimemuunguza. "Mimi hivi sishiki. Nilipong'olewa jino nikiwa msichana nilipewa, nikazimika mchana kutwa, bibi yako akaanza kuita majirani. Marehemu baba yako ndiye alikuwa anavitafuna kama karanga na mguu wake unamuuma vilevile. Akaambiwa na madaktari ana mambo ya kitoto."

Nilisimama pale na mkono wangu kwenye kitambaa. Baba aliumwa mguu ule miaka mingi. Mimi pia, nakumbuka, nilikuwa namwona anajidekeza. Nikamuuliza mama, kwa nini hukutuambia? Akaacha mchele, akanitazama. "Nani aliniuliza?"

Ni kweli, Mheshimiwa. Dirishani kwenu tuliulizwa jina, umri, mtaa, na dini. Kuhusu mama hatukuulizwa lolote. Nami nakubaliana nanyi kwamba ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mtu mzima mwenye leseni hawezi kuja hospitali na mama yake.

Kutokana na hayo, ninaomba ofisi yako ifanye mambo yafuatayo bila kuchelewa. Maini ya wananchi wote yatangaziwe mwendo mmoja, na ini litakalokutwa limezidisha au limeegesha lichukuliwe hatua. Mdogo wangu aamriwe kunigawia nusu ya mwendo wake, kwa kuwa yeye hana haraka na jambo lolote. Wale watu wa mbali waliopimiwa dozi watafutwe, waletwe kwenye benchi lenu wakiwa wamevunjika mtulinga, wapewe chaki, waambiwe wasideke. Muuguzi wa dirishani aniombe radhi mbele ya watu walewale, na kama hawapatikani, basi mbele ya bango. Marehemu baba yangu naye aombwe radhi, hata kama ni kwa kusimama tu kidogo kabla ya kufungua dirisha asubuhi. Na daktari yule wa zamu aonywe, asiendelee kuwaambia watu wazima kwamba wanaumia kweli, kwa maana wanaweza kuzoea.

Zaidi ya yote nasisitiza usawa. Dozi moja kwa wote, bila kuangalia huyu katokea tumbo gani. Siku mtakapoanza kumpima mtu kabla ya kumpa kidonge, mtakuwa mmekiri kwamba tuko tofauti, na mimi kama mwalimu wa sheria sitakuwa na la kufundisha.

Nifikishie salamu kwa wauguzi wote, aliyenichapa maneno na aliyemuunga mkono. Kwa fundi wa picha ambaye alinishika bega kwa upole. Kwa mlinzi wa geti aliyefungua bila kuuliza swali. Na kwa mtunza bustani, maana nilitapika kwenye maua yake. Mdogo wangu hajambo. Amekaa hapa pembeni anatengeneza friji kwa mkono mmoja na anasema nisiandike hivi. Hata kusema hivyo kumechukua dakika nzima.

Nikiwa bado na imani na bango lenu, na maumivu yangu yaleyale,

Mwalimu Breki,
Shule ya udereva, nyuma ya stendi.

N.B. Mheshimiwa, kabla sijafunga bahasha. Binti wa mdogo wangu, ambaye kwetu ni binti yangu vilevile, anaingia wodi yenu ya wazazi wiki ijayo. Ameambiwa atajifungua kwa upasuaji, na wanaofanyiwa upasuaji huo wanapewa vidonge hivihivi vya kwenda navyo nyumbani. Nilimuuliza yule daktari wa kalamu kichwani. Akasema kama binti amechukua ini la baba yake, ile mofini inaweza kumzidi yeye, na inaweza kupita kwenye maziwa ikamzidi na mtoto.

Msimpe. Mpimeni kwanza, pelekeni damu yake popote mashine ilipo, na kama majibu yatachelewa mtafutieni dawa nyingine. Yale ya usawa niliyoandika hapo juu yasimguse yeye. Nitakuja naye, nitakaa dirishani, na yeyote atakayemwandikia viwili mara tatu bila kumuuliza lolote, kibahasha hicho nitakichana mbele yake kwa mkono huu mzima. Mniite mdekaji.

Barua mnaweza kuijibu mkipata nafasi. Hili nijibuni leo.